Kiti cha Dereva Huanza Kufa Kwenye Sponji

Harrier ile iliingia karakana moja ya Ilala, Dar es Salaam, ikiwa na jeraha moja tu la kuonekana. Ubavu wa kulia wa kikalio cha dereva, upande wa mlango, ulikuwa umechanika urefu wa kiganja na sponji ya njano ilikuwa ikichungulia. Mwenye gari alishaamua: viti vyote vivuliwe ngozi, vivishwe leza mpya, yaani ngozi ya bandia. Fundi hakuanza na bei. Alibonyeza ubavu ule kwa kidole gumba, akazunguka akabonyeza na wa abiria, kisha akasema: "Bosi, ngozi yako bado ina uhai. Kilichokufa ni kilicho chini yake."

Nilibaki pale hadi kazi ikaisha, na naamini kauli ile ndiyo inayotenganisha fundi wa viti na mshonaji wa makava.

Tuanze na chanzo. Magari yetu yana usukani wa kulia, hivyo dereva hupandia na kushukia mlango wa kulia. Kila mara paja lake huburuzika juu ya ubavu ule, na kwa sekunde moja au mbili uzito wake karibu wote huwa umekaa hapo. Anayepanda gari mara 10 kwa siku hurudia hivyo mara 3,650 kwa mwaka, na kushuka bado hatujahesabu. Sponji huchoka na kubonyea. Ngozi iliyokatwa kufuata sponji iliyojaa hubaki imelegea, ikajikunja. Mkunjo ukirudi palepale kila siku hupasua rangi kwanza, kisha ngozi yenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwa kiti msemo huu hauna fumbo lolote.

Ngozi ya viti vya gari kwa kawaida ina unene wa milimita moja au zaidi kidogo. Juu yake kuna rangi, na juu ya rangi kuna utando mwembamba wa kinga. Kwa hiyo mengi tunayoyaita kuchubuka kwa ngozi ni kuchubuka kwa rangi. Kipimo cha fundi kilikuwa rahisi: alivuta sehemu iliyochubuka kwa vidole viwili. Nyuzi za ngozi zikiwa zimeshikamana, sehemu hiyo hutibika kwa rangi. Zikiachana, kipande kibadilishwe. Kwenye kiti hiki kipande kimoja tu ndicho kilichoshindwa kipimo.

Kabla ya kufungua bolti, alichomoa waya hasi wa betri na kusubiri dakika kadhaa, maana egemeo la kiti lilikuwa na lebo ya mfuko wa hewa wa ubavuni. Nyaya za mifuko hiyo huishia kwenye plagi za njano, nazo hazichezewi umeme ukiwa hai. Kisha bolti 4 zikafunguliwa, kiti kikatolewa nje, na pete za chuma zinazoshikilia kava kwenye waya za fremu zikakatwa kwa koleo moja baada ya nyingine.

Kava lilipovuka, ukweli ukawa mezani. Waya wa fremu ulikuwa umeikata sponji kutoka chini, na ukingo wa juu wa sponji ulikuwa ukimomonyoka mkononi. Fundi alikata sehemu iliyooza, akagundisha sponji ngumu kuliko ya godoro, akaichonga kwa kisu na kuilainisha kwa msasa. Kati ya waya na sponji alilaza kitambaa kizito ili waya usirudie kukata. Kitambaa hicho hakitaonekana kamwe, lakini bila hicho ngozi mpya ingefuata njia ya ile ya zamani.

Ufundi ulioniteka zaidi ulikuwa wa kipimo. Alichora mistari ya chaki kukatiza mishono, ili vipande vikutane tena palepale, ndipo akafumua nyuzi kwa wembe. Wengi hukichukua kipande kibovu na kukifanya ruwaza. Yeye alikataa, kwa sababu kipande kilichotumika miaka mingi kimevutika na kupoteza umbo. Alitandaza karatasi juu ya ubavu wa mlangoni wa kiti cha abiria, ambao hauchoki haraka, akafuata mishono yake kwa penseli, kisha akaigeuza karatasi upande wa pili. Akapata umbo halisi la ubavu wa dereva.

Akaja kwenye ngozi. Ngozi ya ng'ombe si sawa kila mahali: ya mgongoni na kalioni imekaza, ya tumboni huvutika. Ubavu wa kiti unataka iliyokaza, ya tumboni inafaa pembe zisizokaliwa. Ngozi ya soli za viatu haifai, ni ngumu mno kupinda kwenye kona. Na leza je? Leza si aibu. Viti vingi vya Mercedes-Benz vya zamani vinavyodhaniwa kuwa vya ngozi ni vya vinaili, na vimedumu. Hatari ni leza rahisi. Ile yenye utando wa polyurethane huharibiwa na unyevu wa pwani, ikabanduka magamba. Ya PVC hupoteza mafuta yake ya ulaini kwa jua, ikakauka na kupasuka.

Kushona kulifuata sheria mbili. Uzi uwe wa polyester, kwani wa pamba huoza kwa jasho. Na hatua ya sindano iwe kama milimita 4. Ukishona kwa kubana mno, mstari wa matundu hugeuka kama ukingo wa stempu, na ngozi huchanikia hapo. Tundu la ngozi halijifungi, kwa hiyo kwenye vipande vya zamani sindano ilirudishwa katika matundu yaleyale. Kava likaanikwa juani lilainike, likavutwa juu ya sponji na kufungwa kwa pete mpya.

Sehemu zilizobaki zilisafishwa mafuta ya mwili, zikapitishwa msasa laini, nyufa zikazibwa kwa kijazo kinachonyumbuka, kisha rangi nyembamba ikapulizwa mara kadhaa. Hapa ndipo nina lawama. Mwenye gari alikuwa na haraka, na fundi akakubali kufupisha muda wa kukausha. Matokeo yake, kipande kipya kinang'aa kuliko jirani zake, na jicho kali litakiona.

Jambo moja naliandika kwa uzito. Mshono wa egemeo penye mfuko wa hewa umetengenezwa ili upasuke pale mfuko unapofumuka. Anayeushona upya kwa uzi mzito, au kuufunika kwa kava lisilo na upenyo, anaweza kuuzuia mfuko usimfikie mtu wakati wa ajali. Fundi huyu hakugusa mshono ule, na mteja angemwomba nadhani angemkatalia. Ndivyo inavyopaswa.

Siku ya kuchukua gari, mwenyewe hakutazama rangi kwanza. Alibonyeza ubavu wa dereva kwa kidole gumba, akabonyeza na wa abiria, kama alivyoona fundi akifanya. Mbavu zote mbili zilimrudishia kidole kwa nguvu moja. Ndipo akakaa.