Kitasa cha Boneti Hakikuundwa kwa Ajili ya Mwizi

Kwenye magari mengi madogo kitasa cha boneti kiko katikati, juu ya rejeta, nyuma tu ya shoo ya mbele. Chini ya boneti kuna chuma chenye umbo la herufi U. Ukiifunga, chuma hicho kinaingia kwenye ndoano, na ndoano inazuiwa na kidole kidogo cha chuma chenye springi. Ukivuta kishikio kilicho chini ya dashibodi, waya unakivuta kidole, ndoano inaachia, boneti inaruka kidogo na kubaki imeshikwa na ndoano ya pili, ile tunayoisukuma kwa vidole.

Wenye magari wengi huiamini ndoano hiyo ya pili kama ulinzi wa mali. Kazi yake ni nyingine. Nchini Marekani, kanuni ya usalama wa magari namba 113, iliyoanza kutumika Januari 1969, ilitaka boneti inayofunguka kwa mbele na inayoweza kumziba dereva iwe na hatua ya pili ya kushikwa, isije ikafunuka gari likiwa kwenye mwendo. Adui aliyefikiriwa hapo alikuwa upepo. Land Rover za zamani zilikuwa na kitasa cha boneti mbele, kwa nje, wazi kwa kila mpita njia. Jeep Wrangler imeendelea kwa miaka mingi kuwa na vibanio viwili vya nje, kimoja kila upande, bila waya wowote kutoka ndani, na ndiyo maana wenye Wrangler hununua vibanio vya ziada vyenye funguo.

Kwa hiyo anayetaka boneti imzuie mwizi anaipa kazi ambayo haikuundwa kuifanya. Inawezekana, ila lazima ajue anazuia nini. Chini ya boneti kuna betri, kuna king'ora cha alamu, na kwenye baadhi ya magari kuna kontrol boksi, ambayo bei yake inaweza kumtoa mtu jasho. Mwizi akiifikia betri na kukata waya wake, alamu ya kawaida inanyamaza papo hapo. Nchini Urusi mafundi wa alamu huona kitasa cha ziada cha boneti kuwa sehemu ya kawaida ya kazi yao, kwa sababu hiyohiyo: alamu isiyolindwa inazimwa kabla haijalia.

Udhaifu mkubwa uko kwenye waya. Hata kitasa kiwe imara kiasi gani, kinaamriwa na uzi wa chuma ndani ya ganda la plastiki, aina ileile ya waya wa breki ya baiskeli, na mara nyingi uzi huo unapita mahali ambapo mkono au ndoano vinaweza kufika kutoka mbele au chini. Fundi makini anaanzia hapo. Anakunja bati nene kuwa kama kisanduku, analifunika eneo la kitasa na ncha ya waya, kisha analifunga kwa bolti ambazo vichwa vyake huvunjika zikishakazwa, kama zile zinazotumika kwenye kitasa cha usukani. Bati lisizibe shoo yote. Nimeona kazi ambapo fundi aliziba mbele nzima kwa wavu mzito na bati juu yake. Gari la namna hiyo likikaa kwenye foleni ya mchana Dar es Salaam, rejeta inakosa hewa na injini inachemka.

Kisha kinafuata kitasa cha pili, chenye waya wake wenyewe na funguo yake ndani ya gari. Faida yake inategemea kabisa njia ya waya. Ukipitishwa kwenye tundu lilelile la waya wa kwanza, anayeufikia mmoja ameifikia yote miwili. Upite tundu jingine, ndani ya bomba la chuma linalonyumbulika, mbali na eksozi, na usiwe na kona kali. Kona kali huufanya waya uwe mgumu kuvuta, na waya mgumu hukatika, mara nyingi pale kwenye kishikio. Kwa gari linalolala karibu na bahari ni lazima upakwe grisi mara kwa mara, maana chumvi ya hewa ya pwani inakula uzi wa chuma ukiwa umefichika ndani ya ganda lake.

Swichi ya boneti ni kitu kidogo chenye thamani kubwa. Ni kitufe kinachobanwa boneti ikiwa imefungwa. Ikiinuka, kitufe kinaachia na alamu inalia. Kiwekwe nyuma, karibu na kioo cha mbele, ambako vidole vinavyopenyezwa kwenye shoo havifiki na matope ni machache. King'ora nacho kiwe chenye betri yake ndani, ili kiendelee kulia hata betri kubwa ikikatwa.

Kinachonisikitisha ni kuona komeo na kufuli vikichomelewa juu ya boneti, au chuma cha kona kikifungwa kwa bolti kutoka upande hadi upande. Boneti ya gari la kisasa imeundwa ikunjike katikati gari linapogonga, na bawaba zake zimeundwa ziizuie isirudi nyuma na kupasua kioo mbele ya uso wa dereva. Inatakiwa pia ibonyee kidogo ikimpata mtembea kwa miguu. Ukiikaza kwa chuma kisichokunjika, umeokoa betri na kuhatarisha kichwa cha mtu. Hakuna betri yenye thamani hiyo.

Tusisahau pia kwamba boneti inaweza isiguswe kabisa. Mwaka 2022 mtafiti wa usalama wa magari, Ian Tabor, aliibiwa Toyota RAV4 yake jijini London. Kabla ya hapo alikuta mara mbili bampa imevutwa na waya za taa ya mbele zimechomolewa, akadhani ni uharibifu wa kihuni tu. Uchambuzi wa mwenzake Ken Tindell, uliotoka Aprili 2023, ulieleza kilichokuwa kinafanyika: kupitia waya za taa, wezi huingia kwenye CAN, mtandao wa ndani wa gari uliobuniwa na Bosch na kutangazwa mwaka 1986, ambamo vifaa huaminiana bila kuulizana. Kifaa kilichofichwa ndani ya spika ndogo ya Bluetooth kinatuma ujumbe wa uongo kwamba funguo halali ipo, na gari linafunguka. Kwa magari ya aina hiyo kitasa cha boneti peke yake hakitoshi. Inahitajika swichi iliyofichwa ya kukata umeme au pampu ya mafuta, isiyotegemea mtandao huo.

Limebaki jambo ambalo mafundi wengi huliruka. Waya wa kitasa cha pili ukikatika, nani ataifungua boneti, na kwa muda gani? Waya wa dharura lazima uwepo, ncha yake ikiwa mahali panapohitaji kuvua plastiki ya ndani ya madigadi, na dereva aoneshwe mahali hapo. Hata ukiwa na waya huo, moshi ukitoka, usiifunue boneti kwa pupa, hewa huuchochea moto. Ondoka garini, na kwa Tanzania piga 114. Kabla hujamlipa fundi, mwambie aufungue waya wa kawaida wa kitasa cha pili kwenye kishikio, kisha aifungue boneti mbele yako kwa njia ya dharura. Akishindwa, usimlipe, kazi haijaisha.