Wasomaji wa Tope
Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 kando ya mtaa wa Kibera, lilikuja kujaa tope na magugumaji. Hata tope hilo lina mpangilio wake. Upepo hubeba chavua za miti na nyasi, zikaangukia majini, zikazama na kufunikwa. Ganda la chavua ni gumu mno: mahali pasipo na hewa hudumu maelfu ya miaka.

Ndiyo maana mtaalamu wa chavua huanzia kinamasini. Mrija wa chuma husukumwa kwa mikono, kipande baada ya kipande, na kila mche wa tope hufungwa kwa plastiki na kuandikwa kina chake. Ukichanganya juu na chini, umechanganya karne.

Maabara iko Makumbusho ya Kitaifa. Hapo tope la ujazo wa kijiko kidogo hutiwa asidi ya hidrokloriki kuondoa chokaa, kisha potasi kuondoa mboji, kisha hidrofloriki, inayokula hata kioo, kuyeyusha mchanga. Kila hatua ina kuosha, kuzungusha kwa mashine na kumwaga maji polepole. Anayemwaga kwa pupa humwaga chavua pia.

Kinachobaki ni tone la gliserini chini ya hadubini. Chavua ya podo ina vifuko viwili vya hewa, kama masikio ya panya. Ya nyasi ni duara lenye tundu moja; ya mahindi hufanana nayo, ila ni kubwa zaidi. Mtaalamu akitilia shaka, hugusa kioo kwa ncha ya sindano, punje ikageuka, akaitazama upya. Mara nyingi huhesabu 300 au zaidi kwa kila sampuli, na sampuli ni nyingi. Mimi ningechoka kabla ya hamsini.

Kwa kuhesabu hivyo, J. A. Coetzee wa Afrika Kusini alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba enzi ya barafu mimea ya juu ya Mlima Kenya ilishuka takriban mita 1,000. Mwaka 2009 Stephen Rucina wa Makumbusho na wenzake walichapisha historia ya kinamasi cha Rumuiku, mlimani humo, ya miaka kama 26,000.

Vinamasi haviko mlimani tu: Mto Nairobi, unaopita mtaa wa Kawangware, huanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu. Kinamasi kikikaushwa, hewa huingia na chavua huoza. Anayetaka kuchimba kinamasi kilichobaki, awaite kwanza watu wa Makumbusho wachukue sampuli.