Gandalf Angeshuka Stendi ya Bunda

Wasomaji wa fantasia ninaokaa nao hapa Musoma wana ubishi usiokwisha: Gandalf ni mtu au si mtu? Tolkien mwenyewe alishajibu. Katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1980, miaka 7 baada ya kifo chake, anaeleza kwamba wale wazee watano wenye fimbo ni roho zilizotumwa kutoka ng'ambo ya bahari, zikavikwa miili ya wazee. Miili hiyo huona njaa, huchoka, na inaweza kuuawa. Gandalf anakufa baada ya kupigana na Balrog, akarudishwa. Saruman anakatwa koo na mtumishi wake mwenyewe, na hakuna anayemrudisha. Wengine wawili walikwenda Mashariki, na Tolkien alibadili mawazo zaidi ya mara moja kuhusu yaliyowapata huko. Sisi wa Mashariki tumezoea.

Mimi ninakwama mapema zaidi, kwenye neno. Gandalf kwa Kiswahili ni nani? Wengi husema "mchawi" bila kufikiri, halafu wanaendelea na hadithi. Lakini Kanda ya Ziwa huwezi kulivaa neno hilo kama kofia yenye ncha. Uchawi kwetu si kazi ambayo mtu anajitambulisha nayo; ni shtaka, na unabandikwa na jirani. Kuna bibi waliokatwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928. Januari 2015 serikali ikatangaza kupiga marufuku wapiga ramli, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Kwa hiyo swali la kama mchawi hufa, ambalo huko Uingereza ni la kiteolojia, huku ni la polisi.

Aliyelikaribia jambo hili zaidi ni Ursula Le Guin, Mmarekani. Shujaa wake Ged, katika riwaya ya mwaka 1968, hakutumwa na mtu. Ni mchunga mbuzi wa kisiwani, na maneno ya kwanza ya nguvu alifundishwa na dada wa marehemu mama yake, mganga wa kijijini ambaye wasomi wangemcheka. Baadaye Ged anakwenda shule ya wavulana watupu, anapata fimbo, anakuwa mkubwa wao wote. Kisha anautumia uwezo wake wote kuziba ufa kati ya walio hai na wafu, na anarudi nyumbani bila kitu, kwa mbuzi walewale. Mwaka 1990 Le Guin aliirudia dunia hiyo akiuliza kwa nini wanaume wanapewa fimbo na wanawake wanapewa dharau. Nilipoisoma nilisema, huyu anaijua Mara.

Ngũgĩ naye, katika riwaya yake ya *Mũrogi wa Kagogo*, anacheza na chanzo cha uchawi kwa namna ninayoipenda: Kamiti anatundika hirizi na kibao mlangoni ili kuwatisha polisi wanaomfukuza, na askari wanarudi kama wateja. Uchawi wake unaanzia kwa wanaouamini.

Lakini kitabu ninachowasukumia wenzangu kiko karibu zaidi. Ukitoka Bunda ukaenda Kisorya, unavuka maji kuingia Ukerewe kwa Aniceti Kitereza. Alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, Tolkien akiwa bado anahangaika na yake. Ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, miaka 35 baadaye. Yeye akafa mwaka uliofuata. Humo tatizo ni utasa, matusi ya ndugu wa mume, na pombe ya ndizi inayodaiwa ili mke arudi. Mganga anayemtibu Bugonoka ana dawa na miiko yake, basi. Hana ngome. Mtoto anapozaliwa anaitwa Ntulanalwo, jina linalomaanisha mtu anayeishi na kifo siku zote. Na hata watawala wa kisiwa hicho, waliotegemewa kwa mvua, wangeweza kuondolewa mvua ikikosekana. Nguvu ilikuwa na masharti.

Ndiyo maana hadithi nyingi za vijana ninazopewa kusoma, kutoka Musoma hadi Butiama, zinanikera mahali pamoja. Mchawi ni kikongwe mwenye macho mekundu, anaishi peke yake pembezoni, hana watoto, hana jina. Mwishoni nyumba inachomwa na kijiji kinashangilia. Mwandishi anadhani ameandika fantasia. Ameandika ripoti, tena kwa upande wa waliochoma. Ningetamani aniambie kikongwe huyo alijifunza kwa nani, anatoza nini, anaogopa nini, na nani atamzika.

Neno bado linanisumbua. Gandalf ningemwita mjumbe, kwa kuwa alitumwa. Akishuka stendi ya Bunda na fimbo yake, mzee wa watu, angeulizwa tu anaenda kwa nani. Ged ni mganga, tena wa kienyeji, na asione haya. Saruman ndiye ningemwachia "mchawi". Huyo ushahidi wake upo.