Mkazo wa Neno na Pigo la Wimbo: Juu ya Uteuzi wa Nyimbo za Kwaya za Shule, Mombasa Bara

Mashindano ya Muziki ya Kenya yalianza mwaka 1927. Walimu wa kwaya wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanayajua vema mambo yanayopimwa humo: usafi wa sauti, upatano wa sauti nne, mwendo na matamshi. Hili la mwisho aghalabu huhesabiwa kuwa kazi ya kinywa cha mwimbaji. Katika makala haya tunadai kwamba matamshi huamuliwa kabla mtoto hajafungua kinywa, yaani siku ile mwalimu anapochagua wimbo.

Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mkazo huu si pambo; *barabára* ni njia, na *barábara* ni sawasawa. Basi mwisho wa neno la Kiswahili ni mwepesi. Mistari mingi ya nyimbo za Kiingereza, kinyume chake, humalizikia silabi nzito. Tuni ya namna hiyo ikitiwa maneno ya Kiswahili bila kurekebishwa, pigo zito huiangukia silabi ya mwisho, na mtoto hulazimika kuimba *Bwaná* na *njiá*. Kisauni ina historia ndefu ya jambo hili. Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, ni mojawapo ya misheni ambako tuni za Ulaya zilivikwa maneno ya Kiswahili. Sikio lililolelewa na tuni hizo halishtuki tena.

Pili ni mizani. *Mtu* ni mizani mbili, na *nchi* kadhalika. Muyaka bin Haji na malenga wa Mvita waliomfuata hawakuhitaji kufundishwa hayo. Mpangaji wa nota akilipa neno *mtu* nota moja, mtoto ana njia mbili tu: aimeze *m*, au aongeze irabu aseme *mutu*. Mwamuzi humkata alama mwimbaji, ilhali kosa ni la mpangaji.

Pengine tutaambiwa kwamba muziki una haki yake, na kwamba hata katika taarabu Juma Bhalo (1942–2014) aliivuta irabu ya mwisho. Ni kweli. Lakini irabu ya mwisho ya mshororo ndiyo makao ya kina, na msikilizaji anaingojea. Kukirefusha kina ni kulitumikia shairi. Kuuhamisha mkazo katikati ya mshororo ni kulivunja neno.

Tatizo huzidi kwa nyimbo za asili. Kidigo cha Likoni, tofauti na Kiswahili, ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno. Wimbo wa Kidigo unapopangwa kwa sauti nne, huku besi ikishuka pale ambapo sauti ya kwanza inapanda, baadhi ya waimbaji huimba toni ambazo neno halinazo. Kikombe kinaweza kupatikana kwa upatano huo. Lakini mtoto akirudi nyumbani kumwimbia nyanya yake, naye asiyatambue maneno ya lugha yake mwenyewe, tumeshinda nini?

Hatusemi kwamba sauti nne ziachwe, wala kwamba nyimbo za kigeni zisiimbwe kwa lugha zao. Tunasema mwalimu ayasome maneno kwa sauti huku akipiga meza kwa mwendo wa wimbo. Pale mkono na mkazo visipokutana, arekebishe nota au achague wimbo mwingine. Kwa nyimbo za asili, amwite mzee mwenye lugha asikilize kila sauti peke yake.

Nasi wa idara za lugha hatuna budi kujilaumu. Tumeandika mengi juu ya mkazo, silabi na toni, tukasomana wenyewe kwa wenyewe. Mwenye kuyahitaji zaidi ni mwalimu wa kwaya, naye hatujamwandikia.