Fundi wa Springi

Fundi wa springi anayeijua kazi yake huanza kwa maswali. Pikapu ikisimama mbele ya gereji, kabla hajagusa spana, atataka kujua inabeba nini, inapita njia gani, masika inalala wapi, na anayeiendesha ni mwenye mali au dereva wa kuajiriwa. Mzee mmoja ninayemfahamu kule Unga Limited, Arusha, hakubali hata kuchungulia uvunguni mpaka ajibiwe. Vijana wengi humjia na ombi moja: "Shikamoo mzee, niinulie gari." Huitikia marahaba, kisha huuliza kwa sauti ya chini, "Ili likafanye nini, mwanangu?"

Wengi hawana jibu. Kuinua gari ni kazi ya yeyote mwenye jeki na vipande vya chuma. Kuitayarisha pikapu ipite njia ya Engaruka hadi Ziwa Natron na mapipa ya maji mgongoni, ivuke makorongo na mawe meusi ya volkano, kisha irudi tupu bila kumvunja dereva kiuno, wiki nenda wiki rudi, kunahitaji mtu aliyeujua mzigo na akaujua udongo. Hata pikapu ya kupeleka vifaa vya kambi Ndutu wakati wa mvua haitengenezwi hivyo hivyo. Kule adui ni udongo mweusi unaonata, na difu ikishalala juu ya matope, safari imekwisha. Mawe yanataka springi laini, inayoliacha gurudumu moja lishuke shimoni huku mwenzake akipanda jiwe. Mzigo unataka springi ngumu. Fundi anaishi katikati ya madai hayo mawili, na kila gari linampa hesabu mpya.

Kazi ninayoweza kuitazama mchana kutwa ni ya kukunja mabamba. Springi iliyolala hufungwa kwanza kwenye jiliwa, kwa sababu mabamba yaliyobanwa pamoja yanaweza kumvunja mtu mkono senta bolti ikiachia ghafla. Yakishalegezwa taratibu hupangwa sakafuni, refu mpaka fupi, na kila moja husuguliwa kwa brashi ya waya hadi kutu itoke. Kisha mzee huning'iniza bamba kwa vidole viwili na kuligonga kwa nyundo ndogo. Bamba zima hulia kwa kitambo; lenye ufa hutoa sauti iliyokatika. Siku moja alitenga bamba ambalo sisi wote tuliosimama pale tuliliona safi. Alilimwagia dizeli, akalifuta likakauka, akalipaka unga wa chaki, akaendelea na mambo mengine. Aliporudi, mstari mwembamba wa dizeli ulikuwa umejichora juu ya weupe wa chaki, karibu na tundu la katikati. Bamba lile lingekatika porini, pengine usiku, pengine na abiria juu.

Halafu huchora. Kwa chaki ile ile, juu ya saruji, huchora tao analolitaka, ambalo amelipata kwa kupima kimo cha gari likiwa tupu na likiwa na mzigo wake halisi. Bamba hulazwa juu ya fuawe na kupigwa kidogo kidogo, pigo kando ya pigo, kutoka katikati kuelekea ncha, na kila baada ya mapigo machache hurudishwa kwenye mstari wa chaki lilinganishwe. Pigo moja la pupa huacha pindo kali, na springi hupenda kukatikia papo hapo. Bamba fupi hukunjwa zaidi kidogo kuliko refu lililo juu yake. Ukiyapanga kabla ya kuyafunga utaona mwanya kati yao, na asiyejua atadhani fundi amekosea vipimo. Kumbe mwanya huo ndio ukomavu wa kazi: bolti ikikazwa, mabamba yanakumbatiana na kubanana, na bamba kuu, lile lenye macho yanayopitisha pini na bushi, halibaki kubeba dunia peke yake.

Akilazimika kutumia moto, hutumia sumaku. Chuma kikifika joto analolitaka, sumaku haikishiki tena, na hapo ndipo hukizamisha kwenye oili, kisha hukipasha upya kwa joto dogo zaidi. Kikibaki kigumu mno kitavunjika. Kikiwa laini mno, springi italala tena kabla mwenye gari hajamaliza kuisifia.

Chesisi ni mtihani wa aina nyingine. Hapa sehemu kubwa ya ufundi ni kujizuia. Chesisi ya pikapu ni ngazi ya chuma, na imeundwa ijipinde: gari likiingia korongoni kwa mshazari, upande mmoja hupanda na wa pili hushuka, na ndiyo maana kabati la dereva hukalishwa juu ya mipira. Mchomeleaji asiye na subira akiona ufa, hukimbilia kugandika pande nene la chuma juu yake, akamaliza kwa dakika chache na kulipwa. Mzee wangu hutoboa kwanza tundu dogo kwenye ncha ya ufa ili usiendelee kutembea. Hutoa nyaya za betri. Huuchimbua ufa, huujaza kwa weldi, husawazisha. Kiraka chake hukatwa ncha za mshazari, hakina mwisho wa mraba, naye hakatizi weldi kwenye kingo za juu na za chini za reli ya chesisi, kwa kuwa huko ndiko chuma huvutwa na kusukumwa kuliko kwingine kote. "Msikifanye chuma kuwa jeuri," huwaambia vijana wake. Ukikaza sehemu moja kupita kiasi, chesisi itakatika kando ya kiraka chako, na kila mtu atalaumu barabara.

Arusha ina haki ya kujivunia ujuzi huu. Land Cruiser nyingi zinazobeba watalii kwenda Serengeti zilizaliwa pikapu. Chesisi zake zikakatwa hapa hapa mjini, zikarefushwa katikati, magari yakapata viti zaidi na paa la kufunguka, na yakarudi kupigwa na njia za mbugani miaka na miaka. Mtalii hupiga picha ya simba. Kilichomfikisha pale hakijui, wala hatumwambii.

Ujuzi wenyewe una mababu wengi. Mabamba ya springi yalikuwa chini ya magari ya farasi kabla injini haijaanza kuvuta kitu. Hapa kwetu, makalasinga waliokuja kwa kazi ya reli kuanzia 1896 walileta mikono ya uhunzi na useremala, na gereji nyingi za Afrika Mashariki ziliota kutoka kwenye karakana zao. Mashindano ya magari ya Safari yalipoanza mwaka 1953, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, gari lililoshinda lilikuwa lile lililofika, na kufika kulitegemea mafundi. Joginder Singh wa Kericho, aliyeshinda mwaka 1965 na ndugu yake Jaswant kwa Volvo iliyokwisha kutumika, alikuwa amekulia kwenye kazi ya umekanika kabla ya kujulikana kwa usukani. Baadaye viwanda vilibadilika. Land Rover ilihamia springi za koili mwaka 1983, na Land Cruiser 79 ya mwaka 1999 ikaja na koili mbele. Nyuma, mahali panapobeba mzigo, mabamba yalibaki.

Siku hizi springi huja kwenye maboksi. Nyingine ni nzuri sana, zimebuniwa na watu makini huko Australia wanaozijua njia mbaya kama sisi, na sina ugomvi nazo. Kinachoniuma ni haraka iliyokuja pamoja nazo. Gari linaingizwa vipande vya chuma kati ya springi na ekseli, linapanda, linapigwa picha, linaondoka. Hakuna aliyetazama propela, ambayo sasa inazunguka kwa pembe kali na kula krosi zake. Hakuna aliyegusa paipu za breki, ambazo gurudumu likining'inia hukazika mpaka karibu kukatika. Na pikapu nyingi zina vali ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo ndogo inayopima mzigo. Ukiinua nyuma bila kuirekebisha, vali hudhani gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki hata kama umepakia tani. Dereva anashuka mteremko wa Mto wa Mbu akiamini amelitengeneza gari lake, kumbe breki zake zimenyang'anywa nguvu na mtu aliyemlipa fedha.

Tumefika mahali ambapo kimo cha gari kimekuwa pambo. Napita barabara za lami za mjini naona pikapu zimesimama juu sana, magurudumu mapana, rangi inang'aa, na nikiinama kutazama uvungu naona weldi zilizofura na mapande ya mraba yaliyogandikwa juu ya chesisi. Magari hayo hayajaonja vumbi la Engaruka. Wakati huo huo pikapu inayobeba wagonjwa, mbuzi na magunia kutoka vijiji vya mbali hukarabatiwa kwa ujuzi huo huo wa pupa, na wanaopanda juu yake hawana pa kulalamika.

Zamani hata bamba lililokatika lilikuwa na heshima yake. Wahunzi walilichukua wakalifua likawa panga, kisu au sime, kwa kuwa chuma cha springi hushika makali. Sasa mabamba mengi hupimwa kwa kilo kwenye chuma chakavu na kupakiwa kwenye lori.

Pale Unga Limited wanagenzi wamepungua. Vijana wawili waliokuwa wameanza kusikia mlio wa bamba waliondoka kuendesha bodaboda, na siwalaumu, maana pikipiki inalipa jioni ile ile na springi inamtaka mtu miaka. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, imekuwa ikiwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini. Ingekuwa vyema iwatafute na wazee wa springi, iwaombe wafundishe wakiwa bado wana nguvu za kushika nyundo. Nawe msomaji, kama una pikapu inayofanya kazi ya kweli, mpelekee fundi wa namna hii. Mjibu maswali yake yote, usimharakishe, na mlipe bila kumpigia kelele za bei. Na kama nyumbani kwako kuna kijana anayependa chuma, kamwombee nafasi mapema.