Kanzu kwa Bibi, Khanga kwa Bwana: Mwongozo wa Mtazamaji

Anza na kiuno. Mwanamume anapoingia uwanjani amevaa kike, macho ya wengi hukimbilia kifuani palipojazwa vitambaa, au usoni penye wanja na rangi ya mdomo. Huko hakuna cha kupima, maana vitambaa hujazwa na yeyote. Tazama khanga ilivyofungwa. Kibwebwe cha ngomani hukaa juu ya nyonga, kimekazwa kiasi cha kuonesha kila mzunguko wa kiuno, kimelegezwa kiasi cha kumwacha mchezaji apumue. Asiyejua hukifunga juu mno, tumboni, kisha nusu ya mchezo inaishia katika kukipandisha kwa mikono miwili. Anayejua, kikimlegea, hukifungua na kukikaza tena hukuhuku akicheza, bila kutazama chini. Nikiona hivyo najua kuna mwanamke aliyekaa naye akamfundisha, au kuna mama aliyemtazama kwa miaka mingi na kumtazama kweli. Hapo ndipo ninapoanza kumwamini.

Baada ya kiuno, soma khanga yenyewe. Pindo limekaa sawa? Mji uko katikati, au umepinda? Na jina lake linasemaje? Mwanamke wa pwani havai khanga ngomani bila kujua jina lake, na mara nyingi amelichagua kwa ajili ya mtu fulani aliyepo palepale. Mwigizaji aliyeokota khanga yoyote ya dada yake amevaa kitambaa. Aliyechagua jina la kumchoma mama mkwe, kisha akapita mbele ya mama mkwe huyo taratibu, mgongo ukiwa umeelekezwa kwake ili maandishi yasomeke, huyo ameelewa kwamba vazi la mwanamke wa kwetu hunena hata mwenyewe akinyamaza. Kwangu hilo lina thamani kuliko wigi la bei kubwa.

Ninawaandikia watazamaji wa huku, kuanzia njia ya Bungu hadi gatini Nyamisati, pamoja na wanaovuka kutoka Kilindoni kuja kwenye harusi za ndugu zao. Kijiji chetu hakina jumba la maonyesho. Tuna mikeka, maturubai, vipaza sauti vya kukodi, na usiku mrefu wa mkesha ambao kina mama huugeuza watakavyo. Katika mikesha hiyo nimeona wanawake wakivaa kanzu, koti na kofia, wakichora masharubu kwa masizi ya sufuria, wakawa bwana harusi, baba mkwe, karani, mwenyekiti wa kijiji. Nimeona pia vijana wa vichekesho wakijifunga khanga na kugeuka mawifi. Watu hucheka, kesho yake wamesahau. Mimi naona ni ufundi kama ufundi mwingine, una uliokomaa na uliolipuliwa, na aliyekomaa anastahili kusifiwa kwa kile hasa alichokifanya. (Ya ndani ya unyago siyagusi hapa. Yana wenyewe, na yana mahali pake pa kusemewa.)

Kwa mwanamke anayecheza mwanamume, usipoteze muda na masharubu. Tazama amemchagua nani. Mchezaji dhaifu hutanua miguu, hukohoa kwa nguvu, huweka mikono kiunoni na kuunguruma. Huyo anaigiza mwanamume asiyeishi popote. Mchezaji bora amechagua mwanamume mmoja mwenye kazi yake, na kazi hiyo imeingia mwilini. Nahodha wa mashua hasimami kama karani. Magoti yake yamelegea na mguu mmoja umetangulia, kwa sababu amezoea kusimama juu ya kitu kinachoyumba, na hata akiwa nchi kavu mwili wake bado unasubiri wimbi. Mvuvi wa kamba akitoka kwenye mikoko hupandisha msuli hadi magotini, hukunja ncha na kuichomeka, kisha hunyanyua mguu kwa kisigino kwanza ili tope limwachie. Mwanamke akinionesha kisigino hicho juu ya mkeka mkavu, mimi naliona tope.

Nina swali moja ninalojiuliza kila mara katika hatua hii: huyu mwanamume anayechezwa anaogopa nini? Nahodha anaogopa maji kupwa kabla hajafika gatini. Bwana harusi anaogopa kuulizwa jambo mbele ya wakwe. Mwenyekiti anaogopa kwamba watu wameacha kumsikiliza, ndiyo maana anarudia neno. Mchezaji anayeijua hofu ya mtu wake hahitaji kupaza sauti, kwa kuwa hofu humpangia mwendo, humpangia macho, humpangia hata namna ya kukaa kitini. Asiyeijua hofu hiyo atakuwa na majivuno tu, na majivuno ya kiume ni rahisi mno kuyaiga. Watoto wetu wa darasa la kwanza wanayaweza.

Nimevaa mwenyewe pia, katika mkesha wa harusi ya binamu yangu: kanzu ya kaka yangu, koti lake, kofia ya kiua. Nasema nilichokihisi kwa sababu bila kukijua sidhani mtu anaweza kuupima ufundi huu kwa haki. Kilichonijia kwanza ni habari ya mikono. Siku zote mkono wangu mmoja umeajiriwa na mtandio, kuurudisha begani, kuushika upepo wa kusi ukivuma. Ndani ya kanzu mkono ule ulikosa kazi, ukaning'inia, nikagundua kwamba maisha yangu yote nimeyaishi kwa mkono mmoja na nusu. Kisha nikakaa mkekani, nikajitanua, na shangazi zangu wakasogea kunipisha, hali wakijua vizuri kabisa ni mimi. Sikutamani kuwa mwanamume. Wala sikuona haya, ingawa nilidhani nitaona. Nilijisikia mpana. Nilipovua nilihuzunika, maana upana ule nilikuwa nao tangu zamani na nilikuwa nimeukunja mwenyewe ili nipite.

Tangu hapo kila anayevaa cha mwenzake namtazama nikitafuta jambo hilohilo: vazi limemfunulia nini kuhusu mwenye vazi? Kama halijamfunulia chochote, atatuonesha kile tulichokuwa tunakijua kabla hajaingia uwanjani.

Wakubwa wa kazi hii wako kusini mwetu, ukivuka Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 na kushika njia ya Lindi na Mtwara. Ni Wamakonde. Katika ngoma ya midimu, ambayo ng'ambo ya Mto Ruvuma, nchini Msumbiji, huitwa mapiko, mwanamume hucheza mwanamke mjamzito. Hajazi vitambaa. Hujifunga kifuani ubao uliochongwa kiwiliwili kizima cha mwanamke, matiti, tumbo lililovimba na kitovu kilichotokeza, pamoja na nembo za ngozini zilizochanjwa katika mti au kuinuliwa kwa nta ya nyuki. Usoni huvaa kinyago cha mwanamke, mara nyingi mdomo wa juu ukiwa na ndonya, kile kipande cha mti kinachochomekwa mdomoni. Kisha hucheza uzito. Hucheza kiuno kinachouma, na namna mjamzito anavyotafuta pa kuweka mguu. Ngoma hii ni ya wakati wa kuwatoa vijana jandoni na unyagoni, yaani inachezwa mbele ya watu walioanza tu kufundishwa maana ya kuzaa. Mwanamume yule hawezi kubeba mimba. Amekubali walau kubeba ubao wake mbele ya kijiji kizima, juani, kwa jasho.

Hapa mwenye jicho ana mengi ya kupima, hata akikutana na ubao huo ukiwa umetundikwa ukutani mbali na ngoma. Uinue. Ubao wa kuchezewa ni wa mti mwepesi, kwa sababu kuna mtu atakayeruka nao. Ukiwa wa mpingo, mzito na unaong'aa, umechongwa kwa ajili ya sebule ya mgeni, nao unaweza kuwa mzuri kwa namna yake lakini haujawahi kuwa mwanamke wa mtu. Ugeuze. Ndani umekombwa ili kifua cha mchezaji kiingie? Matundu ya kamba pembeni yamelika? Kuna weusi wa jasho? Kisha urudi mbele utazame tumbo kwa upande. Mchongaji aliyewahi kumtazama mjamzito hulishusha kidogo na kuyatua matiti juu yake. Asiyewahi hubandika mpira katikati ya ubao. Vipande vingi vya kale viko katika makumbusho ya Ulaya, vimesimamishwa juu ya vyuma, na kwangu mimi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa mgongo wa mchezaji ulivyopinda nyuma kulisawazisha tumbo lile.

Kwenye televisheni tumejaliwa na tumekosa. Lucas Mhavile, yule tunayemwita Joti, tangu enzi za Ze Comedy ya EATV na baadaye Orijino Komedi kwenye TBC1, amecheza wanawake, wazee na watoto, na siri yake naiona kwenye macho: mwanamke wake daima yuko kwenye jambo, ana hesabu anazipiga kichwani wakati wengine wanaongea. Kenya wana Mama Otis, mhusika wa mchekeshaji Flaqo, ambaye mtoto yeyote aliyelelewa na mama wa nchi hizi humtambua kabla hajamaliza sentensi. Hawa wawili wana waigaji wengi, na waigaji wengi wamechukua gauni wakaacha mtu. Mwanamke wao ni makalio ya mito, sauti ya puani na tamaa ya pesa. Sicheki. Kipimo changu kwao ni kuwatazama wanawake waliokaa mbele. Mchezo ukiwa wa kweli, wanawake hupigana mabega na kunong'onezana jina la jirani. Ukiwa wa kashfa hucheka kwa adabu, macho chini, na mmoja hukumbuka kwamba ameacha chungu jikoni.

Kutia chumvi si kosa. Marekani wana sanaa yao ya dragi, ambayo kipindi cha RuPaul kimeipeleka dunia nzima tangu mwaka 2009, na kule kope ndefu, nywele za mnara na viatu vya kutisha ndiyo lugha yenyewe: wanataka uone kwamba uanamke na uanaume una mishono, na mishono huweza kufumuliwa. Japani wana njia iliyo kinyume. Wanawake walipopigwa marufuku kwenye jukwaa la kabuki, tamthilia yao ya jadi, mwaka 1629, wanaume walichukua nafasi zao, na bingwa wao Yoshizawa Ayame alifundisha kwamba mwenye kucheza wanawake aishi kike hata nje ya jukwaa. Njia zote mbili nazikubali, kwa sababu zote zinadai kazi. Aliyetia chumvi nyingi bado analazimika kujua ladha ya asili ilikuwaje.

Mizani hii yote ni ya uwanjani. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeona ikitumiwa vibaya. Wako watu ambao nguo ya upande wa pili kwao si mchezo, ndivyo walivyo wanapotulia, na mtu yuleyule aliyerusha noti kwa mchekeshaji usiku huweza kumzomea mmoja wao mchana, sokoni. Hilo linaniuma. Huyo hajaingia uwanjani, hajaomba kupimwa, na hakuna kibwebwe cha kukagua. Mpishe apite, umsalimie kama unavyomsalimia mwingine.

Turudi ngomani, kwenye kutunza, maana hapo ndipo hukumu inapotolewa hadharani. Usiwe wa kwanza kuinuka. Subiri uone ni nani anayeinuka. Vijana wakikimbilia kumtunza mwanamume aliyevaa khanga, wametunza kituko, basi. Akiinuka bibi mtu mzima, akajifunga vizuri, akaenda polepole na kumzunguka mara moja kabla ya kumpa, amekagua yale yote niliyoyaeleza hapa, na ameridhika. Kwa mwanamke aliyevaa kanzu, ngoja watu wa kazi anayoicheza. Nahodha akimtunza nahodha wa masizi, mimi sina la kuongeza, nami nafungua pochi. Noti mpe mkononi, usimbandike kwenye paji la uso, maana jasho lake na vidole vyako vitaondoka na masharubu, na bado ana nusu saa ya kuwa mwanamume.