Juu ya Neno "Weird" katika Macbeth

Neno la Kiingereza "weird" limeshuka cheo. Leo hutumiwa kwa kioja cho chote, kama vile vazi, chakula au tabia ya jirani. Lakini asili yake ni "wyrd" la Kiingereza cha kale, litokanalo na kitendo chenye maana ya kuwa au kutukia. Wyrd ni lile litakalomfika mtu, yaani ajali yake.

Katika utenzi wa Beowulf, wyrd si pingu tupu. Beowulf mwenyewe asema kwamba aghalabu humwokoa mtu ambaye siku yake haijafika, iwapo ushujaa haukumtoka. Hapo ajali na moyo wa mtu huenda pamoja.

Shakespeare alipotunga Macbeth, yapata mwaka 1606, neno hili lilikuwa limefifia Uingereza, ingawa lilidumu Uskoti. Alilikuta katika kitabu cha tarehe cha Holinshed, ambamo wale dada watatu wadhaniwa kuwa miungu ya kike ya ajali. Wapiga chapa wa mwaka 1623 waliandika "weyward" na "weyard". Theobald ndiye aliyerudisha "weird" katika toleo lake la 1733. Maana ya kioja ilienea baadaye, katika karne ya 19.

Je, sisi tulifasirije? Swali hili latuhusu, maana tamthilia hiyo imekwisha kufasiriwa kwa Kiswahili na S. S. Mushi mwaka 1968, nayo yastahili kufasiriwa tena na tena. Maelekezo ya jukwaani huwaita dada hao wachawi, lakini Macbeth na Banquo huwaita kwa neno hili la ajali. Tukiandika "wachawi" kila mahali, msomaji wetu atadhani kwamba Macbeth amerogwa, na aliyerogwa hana hatia kamili. Tukiandika "dada wa ajabu", twafuata Kiingereza cha leo na kuipoteza maana. "Kudura" nalo halifai, kwa kuwa kudura ni ya Mwenyezi Mungu.

Mimi ningependa "dada wa ajali". Yawezekana mtu akapinga kwamba ajali siku hizi ni motokaa kupinduka. Ni kweli, neno letu nalo limeshuka, kwani zamani lilikuwa siku aliyokadiriwa mtu. Lakini maana ile ya kale ingali yafahamika kwa wasomaji wa tenzi, na jukwaa laweza kuihuisha.

Faida yake ni kubwa. Dada hao hawakumwamuru Macbeth amwue Duncan. Walimtajia ufalme tu. Banquo naye alitabiriwa makuu, asimwue mtu. Tafsiri ikilihifadhi neno la ajali, mwanafunzi atalazimika kuuliza kwa nini watu wawili walisikia bishara mahali pamoja, mmoja akashika jambia na mwingine asishike. Asipouliza hivyo, hajaisoma tamthilia.